Yule Yaya wa Kigari Cheusi

Sijawahi kuonja pombe maisha yangu yote, na siku ile sikuwa na homa. Naanza na hayo kwa sababu kila ninayemsimulia mambo haya huniuliza kwanza kama nilikuwa mzima. Nilikuwa mzima. Jua lilikuwa bado juu. Yalinipata mimi mwenyewe katika bustani ya mji, Nakuru, miaka ile ya Imajensi, serikali ikipigana na watu wa msituni, na anayetaka kuniita mwongo aketi kwanza anisikilize mpaka mwisho.

Wakati huo nilikuwa yaya. Kwetu ni Maragoli, lakini mume wangu alikuwa akifanya kazi ya reli pale stesheni ya Nakuru, ndiyo maana nikaja huko. Mtoto wetu wa kwanza, Elamu, nilimwachia mama yangu nyumbani hata meno hayajamaliza kuota, kwa sababu memsabu aliyeniandika alitaka mwanamke asiye na mtoto mgongoni. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Ulilea wa wenyewe ili wako apate kula.

Huyo niliyekuwa nikimlea aliitwa Susan, ila mimi na mpishi tulimwita Susi. Miaka yake ilikuwa miwili na kidogo, nywele kama ndevu za mahindi, na alizoea mgongo wangu kuliko mapaja ya mama yake. Kila alasiri akiamka, memsabu alitaka nimpeleke bustanini akapunge hewa.

Ngoja nikueleze bustani ile ilivyokuwa, maana walioiona miaka ya baadaye hawawezi kuijua. Ilizungushiwa ua wa kaiyaba wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na ndani ya ua kukapitishwa waya. Lango lilikuwa moja, la chuma, na askari wa mji alisimama hapo na rungu lake. Ukiingia ulikutana na kidimbwi cha simiti chenye samaki wekundu. Mbele yake kulikuwa na kibanda cha bendi, paa limepakwa rangi ya kijani, na Jumapili tarumbeta zilikuwa zikilia hapo mpaka zinasikika Bondeni, mtaa wa Waafrika. Kulikuwa na bembea za watoto, ubao wa kuteleza, viti vya mbao chini ya miti, mfereji wa maji, na vyoo viwili vya mawe. Vyoo hivyo havikuwa vyetu. Viti pia havikuwa vyetu. Sisi mayaya tulikaa kwenye majani, miguu tumeinyoosha, macho kwa watoto. Na kule mwisho kabisa, upande wa ziwani, kulikuwa na vitalu vya waridi. Waridi zile, niamini, sijaona nyingine za kunenepa namna ile.

Mwafrika hakuingia mle bila kazi, na kazi yako ilikuwa yule mtoto. Siku moja nilisahau sweta ya Susi pale majanini, nikarudi mbio peke yangu kuichukua. Askari aliweka rungu langoni.

"Mtoto ako wapi?"

"Nimemwacha nyumbani. Nataka sweta yake tu, ile pale, unaiona."

"Naiona. Enda ulete mtoto, ndio uingie."

Nilirudi nyumbani nikambeba Susi, nikaja naye, nikapita. Askari yule yule alinifungulia. Tulimcheka sana baadaye na mwenzangu Nyaboke, yaya wa nyumba ya pili, mama wa Kisii mwenye maneno matamu. Lakini ulikuwa mji wa namna hiyo, na tulikuwa tumeuzoea.

Sasa, mwaka ule mvua ilikataa. Ziwa lilikauka mpaka ndege wakahama, na mahali pa maji pakabaki magadi meupe kama unga. Upepo ukivuma kutoka huko, mji wote unafunikwa. Nguo ulizoanika zinakakamaa, ulimi unakuwa na chumvi, na saa nyingine mchana unageuka jioni humuoni mtu wa hatua chache mbele yako. Nani wa Nakuru wa miaka hiyo asiyekumbuka vumbi lile?

Ni katika msimu huo tulipoanza kumwona yule mwanamke. Alikuwa na kigari cha mtoto, kile cha zamani, cheusi, kirefu, chenye magurudumu makubwa, kofia yake imeinuliwa na kitambaa cheupe kimefunikwa juu. Alikaa mbali na sisi, kule kwenye waridi, kigari ubavuni, mkono wake mmoja umelala juu ya kitambaa. Gauni lake lilikuwa la bluu lililopauka, na miguuni hakuwa na kiatu. Tulidhani ni yaya wa Mzungu mgeni. Nyaboke alimpungia mkono siku ya kwanza. Akaitikia kwa kichwa, basi.

Kilichonisumbua ni mtoto. Hatukumsikia akilia hata siku moja. Mtoto gani analala alasiri nzima katika joto lile, kila siku, asitolewe akatambae, asilie kutaka maziwa? Nilimwambia Nyaboke.

"Labda ni mgonjwa," akasema. "Wewe acha kuangalia sana. Akizidiwa utaambiwa ni macho yako."

Nikaacha kuangalia.

Siku yenyewe, upepo ulianza mapema. Wenzangu walifunga virago, Nyaboke akanihimiza twende, lakini Susi aliishikilia bembea akapiga kelele kama anayechinjwa. Nikamwambia Nyaboke atangulie, nitamfuata. Nilikuwa bado nambembeleza Susi nilipohisi mtu nyuma yangu. Nikageuka. Ni yeye, na kigari chake.

Kwa karibu hakuwa mzee. Rika langu labda. Uso wake ulikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, lakini sisi sote tulikuwa hivyo, kwa hivyo sikushtuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Dada," akasema, "nishikie mtoto kidogo nikanywe maji."

Ungefanya nini wewe? Mwanamke mwenzako, yaya mwenzako, midomo imepasuka. Nilisema, "Sawa, enda, lakini usikawie, upepo unakuja." Nikamshusha Susi kutoka kwenye bembea, mkono wa kushoto nikamshika yeye, wa kulia nikaushika mpini wa kigari.

Hapo hapo vumbi likafika. Lilikuja kama ukuta, kimya kwanza, kisha kelele. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua nilijikuta nimeshika mpini kwa mikono yote miwili, na Susi hayuko.

Nataka uelewe jambo hili. Huo ulikuwa wakati wa Imajensi. Mwanamke Mwafrika aliyempoteza mtoto wa Mzungu hakuulizwa kama ni upepo. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa lori usiku kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini Mungu ni shahidi, si hilo nililoliwaza kwanza. Niliwaza kidimbwi. Niliita, "Susi! Susi!" na magadi yakanijaa mdomoni. Nikataka kukimbilia majini, na mikono ikakataa kuachia mpini. Nilivuta. Vidole vilikuwa vyangu, navitazama, na havinisikii. Basi nikakisukuma kigari, sikuwa na njia nyingine. Kilikuwa kizito! Mtoto hana uzito ule. Nilisukuma kama mtu anayesukuma mkokoteni wa mawe matopeni, nazunguka kidimbwi, naangalia maji. Hakuna mtoto. Samaki tu.

Kisha nikamsikia Susi anacheka. Sauti ilitoka upande wa waridi.

Nikaelekea huko, na katikati ya njia gurudumu likapanda jiwe, kigari kikainama, kitambaa cheupe kikaanguka. Nikaangalia ndani.

Mlikuwa na udongo. Kigari kizima kimejaa udongo mweusi, umelowa, unanukia mvua, mwaka ambao hata visima vilikuwa vimekauka. Na katikati ya udongo kulikuwa na kishimo, kifupi, cha mviringo upande mmoja, kama godoro linavyobonyea mtoto mchanga akiinuliwa kutoka usingizini.

Kicheko cha Susi kikanivuta, nikasukuma tena.

Nilimkuta yule mwanamke ameketi katikati ya kitalu, Susi mapajani mwake, amemzungushia upindo wa gauni asipate vumbi. Upepo ulikuwa ukivuma pande zote, lakini pale waliposhikana waridi hazikutikisika. Susi alikuwa ameacha kucheka, anasinzia, kidole mdomoni.

"Dada," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "nipe mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyo. Wa memsabu."

Akamtazama Susi kama ndiyo kwanza anamwona. "Sina haja na wa memsabu," akasema. "Wangu ako hapa." Akaweka kiganja chini, juu ya udongo, taratibu, kama unavyompapasa mtoto uone kama amelowa. "Nimekaa nje ya ua muda mrefu. Wananiambia enda ulete mtoto ndio uingie. Mimi nawaambia mtoto ako ndani. Wanacheka."

Ungejibu nini?

"Wewe una wako?" akaniuliza.

"Ninaye. Ako nyumbani kwa mama."

"Ukimwita anakusikia?"

"Ni mbali. Lakini nikienda nikimwita, atanisikia."

Akapapasa udongo tena. Kisha akasema, "Mimi nimeita mpaka sauti imeisha. Yangu haifiki chini. Yako ingali ya watu. Niitie."

Akanitajia jina. Jina hilo sitakutajia, si langu kuligawa. Nilipiga magoti katika waridi, miiba ikinichana, mikono ingali imegandia kigari, nikainamisha uso mpaka karibu na udongo, nikamwita mtoto yule kwa sauti kama mama anavyomwita wake arudi kutoka kucheza uwanjani jioni. Niliita mara ya kwanza, kimya. Nikaita tena.

Chini ya udongo mtoto akalia.

Kilikuwa kilio kidogo, cha usingizini, cha mtoto mchanga anayeamka akitafuta ziwa. Wanawake wanakijua. Nimesikia sauti nyingi maishani na nyingi nimezisahau, lakini hiyo nimelala nayo na kuamka nayo hadi leo. Wala sikuogopa. Kifua kiliniuma kama maziwa yaliyojaa, basi.

Yule mwanamke alifumba macho. Machozi yalichora njia mbili katika vumbi la uso wake. Akaninyooshea Susi kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa kitu kwa heshima. "Mchukue huyo," akasema. "Mama yake anamngoja." Na vidole vyangu vikaachia mpini, nikampokea. Yeye akajilaza ubavu palepale kitaluni, mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine ameukunja mbele kama wa kumzunguka mtoto. Vumbi likapita mara moja zaidi. Lilipopungua hapakuwa na mtu. Kigari hakikuwepo. Kulikuwa na rundo la udongo mweusi tu kwenye majani, umelowa.

Nilimfunga Susi mgongoni nikatoka. Langoni askari alikuwa ameganda kama nguzo, ananiangalia.

"Umemwona yule mama?" nikamwuliza. "Aliyekuwa na kigari?"

"Mama gani?" akasema. "Mimi nimeingia kuwatafuta vumbini, nimekuona wewe tu. Mtoto ametangulia peke yake mpaka kwenye maua, na wewe unamfuata umenyoosha mikono hivi, unasukuma hewa." Akanionyesha kwa mikono yake mwenyewe. "Halafu ukapiga magoti ukaanza kuongea na ardhi."

Angeniachia hapo ingekuwa heri. Lakini alikuwa mtu wa kulinda kazi yake, na miaka ile kila kitu kilidhaniwa ni kiapo cha watu wa msituni. Akaenda akasema kwa wakubwa wake kwamba kuna yaya anazika vitu bustanini.

Asubuhi yake polisi walikuja nyumbani. Memsabu alisimama barazani na Susi mikononi, mweupe kuliko magadi. Wakanipandisha garini, wakanirudisha bustanini, wakaniketisha kwenye kile kiti cha mbao ambacho sikuruhusiwa kukikalia. Ofisa wao alikuwa Mzungu kijana, Kiswahili chake kizuri.

"Umeficha nini hapa? Risasi? Bunduki?"

"Sikuficha kitu, bwana."

"Basi ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mtoto," nikasema. Ndiyo ukweli niliokuwa nao.

Akaamuru wachimbe. Askari wawili walichimba palepale penye alama za magoti yangu, wakang'oa waridi wakazitupa kando. Hawakufika mbali. Jembe la mmoja wao likagusa kipande cha blanketi, na ndani ya blanketi mlikuwa na mifupa midogo, midogo kama ya kuku, na ushanga wa kiunoni umebaki mzima. Yule askari akaweka jembe chini, akarudi nyuma. Ofisa akasema waendelee pembeni, labda silaha ziko pembeni. Pembeni wakakuta mwingine. Na mwingine. Kitalu chote kilikuwa hivyo. Zile waridi zilizonenepa, sasa unajua.

Ofisa akavua kofia. Akasema kwa sauti ndogo, "Funikeni." Wakafunika. Wakarudisha waridi juu, zimeinama. Mimi nikaambiwa nifunge mdomo nisije nikafungwa mimi mwenyewe. Nikaufunga miaka mingi.

Kazi haikudumu. Memsabu hakunichukia, nitasema haki. Lakini usiku Susi alikuwa akiamka, anaketi kitandani na kuita jina lile, lile nililokataa kukutajia, na memsabu akaniuliza, "Huyo ni nani? Wewe ndiye umemfundisha?" Sikuweza kusema ndiyo, sikuweza kusema la. Akanipa ruhusa ya kwenda. Susi alinililia mpaka sauti ikakauka, na mimi nililia njia yote mpaka Bondeni.

Ni huko Bondeni nilikojua. Shangazi wa mume wangu, Senje Dina, alikuwa akiuza uji huko tangu zamani. Nilipomweleza aliweka kata chini.

"Pale palikuwa landi," akasema. Landi ni zile nyumba za vibarua. "Kabla ya maua hayo tulikaa pale, sisi wa kutengeneza barabara. Ikaja surua ikamaliza watoto. Tukawazika nyuma ya nyumba, makaburi ya watu wazima yalikuwa mbali. Halafu siku moja tukaambiwa tuhame, mahali panatakiwa. Asubuhi tumeambiwa, jioni nyumba zimechomwa."

"Na watoto waliozikwa?"

"Nani aliuliza juu ya watoto? Kulikuwa na mama mmoja tu aliyekataa. Aliketi juu ya kaburi la wake. Wakampandisha lori wakampeleka mbali. Akarudi kwa miguu. Wakati huo ua ulikuwa umeshapandwa, waya umeshapita. Alikaa nje ya waya, hali, hanywi. Kiangazi kama hiki. Walimkuta asubuhi ameshika waya."

Nilimwuliza mama huyo alikuwa akivaa nini. Senje alinitazama sana. Akachukua kata akaendelea kukoroga uji.

Wiki ile ile nilipanda gari la moshi nikaenda Maragoli. Elamu hakunijua. Alinikimbia akajificha nyuma ya bibi yake. Niliketi uani nikamwita, nikamwita, mpaka akachungulia, akaja. Sikumwacha tena nyuma. Nililala njaa naye, nililima vibarua huko Rongai nikiwa naye mgongoni, na mdogo wake aliyemfuata vilevile. Kazi ya yaya sikuifanya tena.

Siku hizi bustani haina askari wa kuuliza mtoto ako wapi. Watu hupiga picha za harusi kule nyuma, watoto huviringika majanini, na ni vizuri, nani angekataza? Lakini wewe uliyenisikiliza, nakuonya. Ukimpeleka mtoto mahali pa kupendeza, penye maua na majani yaliyokatwa vizuri, ulizia kwanza kwa wenyeji palikuwa nini zamani. Mtoto wako akisimama mahali pamoja akaanza kuchekea ardhi, usimcheke wala usimchape. Mbebe muondoke, na mkiondoka msalimie aliye chini. Na mtu usiyemjua akikuambia nishikie mtoto, funua umwone huyo mtoto kabla mkono wako haujashika.

Unaniangalia kama hao wengine. Basi lete mkono wako hapa, shika huu wangu wa kulia. Tumeota moto pamoja tangu nilipoanza kusimulia, sivyo? Shika. Usiondoe haraka. Ndivyo ulivyo wa baridi tangu siku ile, na hakuna mjukuu wangu hata mmoja niliyewahi kumpokea nao.